Rozari, Zaburi ya wasiojua kusoma

Chukua rozari ya kawaida uzihesabu punje zake: utapata 59. Kati ya hizo, 53 ni za Salamu Maria na sita tu ni za Baba Yetu. Anayeitazama sala hii kwa nje akipiga hesabu hiyo lazima aulize: ikiwa kiini chake ni Yesu, mbona mama anasalimiwa karibu mara tisa kila Baba anapoombwa mara moja? Akikaa asikilize, atachanganyikiwa zaidi. Kiongozi anatangaza tukio la kutafakari, "Tendo la kwanza la uchungu: Yesu anatoka jasho la damu," na hapo hapo wote wanaitikia kwa kuanza, "Salamu Maria, umejaa neema." Jasho la damu na salamu ya malaika wapi na wapi? Midomo iko Nazareti, akili imetumwa Gethsemani.

Sisi Wakatoliki tukiulizwa hivyo, wengi wetu hukimbilia kutaja mistari: Luka 1:28, Luka 1:42, basi. Jibu hilo ni la kweli lakini linaishia njiani. Linaonyesha maneno yametoka wapi, halielezi yanafanya kazi gani. Na rozari ina mizizi ya Maandiko katika ngazi tatu tofauti: katika maneno yanayotamkwa, katika idadi yake, na katika kile ambacho akili inatakiwa kukitazama wakati mdomo ukiendelea. Mabishano mengi kuhusu sala hii huzuka kwa sababu watu wanajadili ngazi ya kwanza peke yake.

Salamu yenye wasemaji watatu

Tuanze hata hivyo na maneno, kwa kuwa yana utajiri kuliko tunavyodhani tunapoyapitia kwa haraka.

Nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni sentensi mbili za Injili ya Luka zilizounganishwa. Ya kwanza ni ya malaika Gabrieli, ya pili ni ya Elisabeti, ambaye Luka anasema alikuwa amejazwa Roho Mtakatifu alipoitamka. Kwa maneno mengine, mwenye kusali hajatunga sifa zake. Anarudia alichosema mjumbe wa Mungu na alichosema mwanamke aliyevuviwa na Mungu. Ya tatu, yaani nusu ya mwisho, ndiyo ya Kanisa lenyewe.

Neno la kwanza la Gabrieli kwa Kigiriki ni *chaire*. Ilikuwa salamu ya kila siku, lakini maana yake ya asili ni "furahi". Ni neno lile lile linalotumiwa katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale pale nabii Sefania anapomwita binti Sayuni afurahi, kwa kuwa Bwana yuko katikati yake (Sefania 3:14-15). Msomaji wa Luka aliyezizoea aya hizo angeweza kusikia mwangwi: yale yaliyoahidiwa mji mzima sasa anaambiwa msichana mmoja.

Neno la pili limezua kazi kubwa zaidi. Biblia ya Union inasema, "Salamu, uliyepewa neema." Sala inasema, "umejaa neema." Nani kakosea? Hakuna. Kigiriki cha Luka kina neno moja refu, *kecharitomene*, ambalo ni kitenzi katika hali ya kutendwa, na linaonyesha tendo lililokwisha kufanyika ambalo matokeo yake bado yapo. Tafsiri ya Union imelinda umbo hilo la kutendwa: neema haikuota kwa Maria, alipewa. Sala yetu imefuata Kilatini cha Jeromu, mtafsiri wa kale wa Biblia, *gratia plena*, ambacho kinalinda upande mwingine, kwamba kilichotolewa kimebaki na kimejaa. Luka alijua namna ya kusema "amejaa neema" kwa maneno mawili ya kawaida, na ndivyo alivyomwelezea Stefano katika Matendo 6:8. Kwa Maria alichagua kitu kingine: Gabrieli halitaji jina la Mariamu katika salamu yenyewe, hilo linakuja aya mbili mbele. Anamwita kwa neno hilo, kana kwamba ndilo jina lake. Jina "Maria" katika sala ni nyongeza yetu.

"Bwana yu nawe" lina historia yake pia. Ni maneno aliyoambiwa Gideoni alipokuwa akipepeta ngano kwa kujificha (Waamuzi 6:12). Katika Agano la Kale mtu akiambiwa hivyo na malaika, ajue kuna kazi nzito inakuja.

Halafu Elisabeti: "Umebarikiwa wewe katika wanawake." Kuna wanawake wawili walioimbiwa sifa za namna hiyo kabla yake. Mmoja ni Yaeli katika wimbo wa Debora (Waamuzi 5:24), mwingine ni Yudithi (Yudithi 13:18, katika Biblia yenye vitabu vya deuterokanoni, ambavyo Biblia za Kiprotestanti kwa kawaida hazina). Wote wawili walimshinda adui wa Israeli kwa kumpiga kichwani: Yaeli alipigilia kigingi cha hema kwenye kipaji cha Sisera, Yudithi alimkata kichwa Holoferne. Sasa sifa ile ile inamwendea mwanamke mjamzito asiyeshika silaha yoyote. Wafafanuzi wa Kanisa wameunganisha hapo na Mwanzo 3:15, ambapo uzao wa mwanamke unaahidiwa kumponda nyoka kichwa. Na "mzao wa tumbo lako" nao haukutoka hewani. Ni lugha ya baraka za agano, "utabarikiwa uzao wa tumbo lako" (Kumbukumbu la Torati 28:4).

Haya yote yamo katika maneno tunayoyamaliza kwa sekunde nane.

Nusu ya pili ndiyo inayozua ubishi. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Haimo katika Biblia kama ilivyo, na hakuna haja ya kujifanya imo. Kwa karne nyingi Salamu Maria iliishia kwenye maneno ya Elisabeti. Maombi ya kumalizia yalikua polepole, kwa maumbo mbalimbali, hadi yalipotulia katika umbo tunalolijua kwenye kitabu cha sala za wakleri alichokitoa Papa Pius V mwaka 1568. Jina "Mama wa Mungu" ndilo la zamani zaidi: lilithibitishwa katika Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 431, na hoja kuu haikumhusu Maria. Ilimhusu Yesu. Swali lilikuwa kama aliyezaliwa ni nafsi moja iliyo Mungu kweli na mtu kweli, au ni mtu ambaye Mungu amekaa ndani yake. Efeso walijibu kwamba ni nafsi moja, hivyo aliyemzaa ni mama wa nafsi hiyo. Elisabeti alikuwa ameshasema karibu vile vile, "mama wa Bwana wangu" (Luka 1:43), naye katika sura hiyo hiyo analitumia neno "Bwana" kwa Mungu.

Je, kumwomba Maria kunagongana na 1 Timotheo 2:5, isemayo mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja? Angalia kitenzi. Katika Litania, sala ya kuitikiana, tunamwambia Kristo "utuhurumie". Tukifika kwa Maria kitenzi kinabadilika, "utuombee". Ni ombi lile lile unalomwambia jirani yako kabla ya safari, na Paulo mwenyewe, aya nne tu kabla ya ile ya mpatanishi, anaagiza watu waombeane. Tofauti ya kweli kati yetu na Waprotestanti wengi haiko hapo. Iko kwenye swali kama waliokwisha kufa katika Kristo bado wanashiriki maombi yetu. Wakatoliki wanaitegemea Injili ya Marko 12:27, kwamba Mungu si Mungu wa wafu bali wa walio hai, na Ufunuo 5:8, ambapo wazee ishirini na wanne wanashika vitasa vya maombi ya watakatifu. Mprotestanti atasema aya hizo hazitoshi kuhalalisha desturi hiyo. Angalau tukibishana, tubishane juu ya jambo lenyewe.

Idadi ilitoka wapi

Hapa ndipo penye mzizi ambao watu wengi hawaujui, nami nauona kuwa na nguvu kuliko wote.

Zaburi ni 150. Watawa wa Kanisa la Magharibi walizisali zote kwa mzunguko. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inataka ziishe kila wiki. Lakini zilikuwa kwa Kilatini, vitabu viliandikwa kwa mkono na vilikuwa ghali, na watu wengi, wakiwemo mabruda waliokuwa wakilima na kupika ndani ya monasteri zenyewe, hawakujua kusoma. Wafanye nini ili nao waingie katika sala ile? Wakapewa sala waliyoijua kwa moyo. Wakasali Baba Yetu 150, moja kwa kila Zaburi, au sehemu ya idadi hiyo. Ili wasipoteze hesabu walitumia mawe madogo, kamba yenye mafundo, baadaye ushanga. Vifaa hivyo viliitwa *paternoster*, kwa jina la Baba Yetu kwa Kilatini, karne kadhaa kabla ya kuitwa rozari.

Salamu ya malaika ilipoenea miongoni mwa waamini wa kawaida, hasa kuanzia karne ya 12, ikaingia katika mpangilio ule ule. Salamu Maria 150 zikaitwa Zaburi ya Bikira Maria. Rozari ya kawaida ya leo inabeba theluthi ya hizo, yaani makumi matano, pamoja na Salamu tatu za mwanzo. Kwa hiyo idadi haikuchaguliwa kwa sababu watu walidhani Mungu anahitaji kusikia kitu mara nyingi. Ilikuwa njia ya mkulima asiyejua herufi kusimama, kwa namna yake, kando ya mtawa anayeimba Zaburi. Neno "rozari" lenyewe, kutoka Kilatini *rosarium*, bustani ya waridi, lilikuja baadaye na likashinda.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba Bikira Maria alimkabidhi Mtakatifu Dominiko, mwanzilishi wa shirika la Wadominikani, rozari mwanzoni mwa karne ya 13, huko kusini mwa Ufaransa. Picha zake zimejaa makanisani: Mama ameketi, Dominiko amepiga magoti, mkono umenyooshwa. Wanahistoria hawajakuta simulizi hiyo katika maandishi ya wakati wa Dominiko wala katika kesi ya kumtangaza mtakatifu. Inajitokeza zaidi ya miaka mia mbili baadaye, katika mahubiri ya Mdominikani Alanus de Rupe, aliyefariki mwaka 1475. Alanus alikuwa mhubiri moto, na kazi yake ya kuanzisha vyama vya rozari ndiyo iliyoieneza sala hii Ulaya. Kwamba Wadominikani wameibeba rozari hakuna anayebisha. Kwamba ilishuka ikiwa imekamilika, hilo ni jambo jingine, wala imani ya Mkatoliki haisimami wala kuanguka nalo.

Mtu asiyetajwa katika picha hizo, na ambaye kwa maoni yangu anastahili nafasi, ni Dominiko mwingine: Dominiko wa Prussia, mtawa wa shirika la Wakartusi huko Trier, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 15. Yeye aliandika vifungu vifupi 50 kuhusu maisha ya Yesu, tangu kutungwa mimba hadi utukufu, kila kimoja kikiunganishwa na Salamu Maria moja. Wakati huo Salamu ilikuwa bado inaishia kwenye jina la Yesu, kwa hiyo kifungu kilining'inizwa hapo hapo: Yesu, ambaye ulimzaa Betlehemu, Yesu, ambaye alibatizwa na Yohane, na kuendelea. Huyu mtawa ndiye aliyesaidia kugeuza mfululizo wa salamu kuwa safari ndani ya Injili. Vifungu 50 vilikuwa vingi mno kukariri. Katika karne ile ile vikapunguzwa hadi matukio 15, moja kwa kila Salamu kumi, na mpangilio huo ndio Pius V, yeye mwenyewe Mdominikani, alioueleza katika hati yake ya Septemba 1569: Salamu 150 kwa idadi ya Zaburi za Daudi, Baba Yetu kwa kila kumi, pamoja na kutafakari maisha ya Bwana.

Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Oktoba 1571, ikaja vita ya Lepanto, ambapo meli za mataifa ya Kikatoliki ziliwashinda Waturuki, na ushindi ule wa majini ukahusishwa na rozari zilizosaliwa Roma. Ndiyo asili ya sikukuu ya rozari ya Oktoba, ambayo mwaka 1716 iliwekwa kwa Kanisa zima. Baadaye Papa Leo XIII, kuanzia mwaka 1883, aliandika waraka juu ya waraka akiuweka mwezi wote wa Oktoba kuwa wa rozari. Naipita habari hii haraka kwa makusudi. Sala iliyoanza kama Zaburi ya maskini haieleweki vizuri zaidi kwa kuanzia kwenye mizinga.

Tendo au fumbo?

Vitabu vyetu vya sala vina maneno mawili kwa kitu kimoja. Vingine husema "matendo ya furaha", vingine "mafumbo ya furaha". Kilatini kina neno moja, *mysterium*. Binafsi nafurahi kwamba Kiswahili kimebaki na yote mawili. "Tendo" linakumbusha kuwa jambo hili lilitokea, mahali fulani, kwa watu wenye majina. "Fumbo" linakumbusha kuwa halijaisha kueleweka. Wala hili si fumbo la kumfumbia mjinga ili mwerevu alitambue. Hata mwerevu atalirudia maisha yake yote.

Matendo ya furaha yote matano yanatoka katika sura mbili za kwanza za Luka: kupashwa habari, kumtembelea Elisabeti, kuzaliwa, kutolewa hekaluni, kupatikana hekaluni. Ukiyasoma polepole utashangaa kwa nini yanaitwa ya furaha. Katika la nne, mzee Simeoni anamwambia Maria kuwa upanga utaingia moyoni mwake. Katika la tano, wazazi wamempoteza mtoto na wanamtafuta kwa wasiwasi, nao wanampata "baada ya siku tatu". Mkristo hasomi maneno "siku tatu" bila kufikiria kaburi. Luka ameupanda msalaba katikati ya utoto wa Yesu, na rozari haijaung'oa.

Matendo ya uchungu yanaonyesha vizuri zaidi namna sala hii inavyosoma Maandiko. Kupigwa mijeledi ni nusu ya mstari. Yohane anasema Pilato alimtwaa Yesu, akampiga mijeledi (Yohane 19:1), na anasonga mbele. Ukiisoma Injili kwa mwendo wa kawaida, sekunde mbili na umeshapita. Rozari inakuzuia hapo kwa Salamu kumi, dakika tatu hivi. Haikuongezei habari hata moja. Inakunyima ruhusa ya kuondoka.

Katika matendo ya utukufu, matatu ya kwanza hayana utata: kufufuka kumo katika Injili zote nne, kupaa na kushuka kwa Roho Mtakatifu kumo mwanzoni mwa Matendo ya Mitume, ambapo Luka anamtaja Mariamu kwa jina kati ya waliokuwa wakidumu katika kusali (Matendo 1:14). Mawili ya mwisho, kupalizwa mbinguni na kuwekewa taji, hayasimuliwi na aya yoyote. Afadhali tuseme hivyo waziwazi. Kanisa linayashika kutoka katika mapokeo. Kupalizwa kulitangazwa rasmi na Pius XII tarehe 1 Novemba 1950. Maandiko yanayosomwa hapo ni ya kuangazia: mwanamke aliyevikwa jua na taji la nyota kumi na mbili (Ufunuo 12:1), Bathsheba anayewekewa kiti kuumeni kwa mwanawe mfalme Sulemani (1 Wafalme 2:19), na ahadi ya Paulo kwamba walio wa Kristo watahuishwa, kila mmoja mahali pake (1 Wakorintho 15:22-23). Kwa Mkatoliki, Maria hapo ni wa kwanza kupata kile ambacho wote wameahidiwa.

Kwa karne nyingi rozari ilikuwa na shimo ambalo hakuna aliyelilalamikia sana. Ilitoka kwa Yesu wa miaka kumi na miwili hekaluni, ikaruka moja kwa moja hadi usiku wa Gethsemani. Mahubiri, miujiza, mifano, vyote havikuwemo. Padre George Preca wa Malta alipendekeza mafumbo ya mwanga mwaka 1957, na tarehe 16 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliyaweka mbele ya Kanisa zima: ubatizo mtoni Yordani, harusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme, kugeuka sura, na kuwekwa kwa Ekaristi. Yakapewa Alhamisi, ya furaha ni Jumatatu na Jumamosi, ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Jumapili. Hesabu ya Zaburi ikavunjika, kwani makumi 20 ni Salamu 200, na wapo wanaoendelea kuihuzunikia ile 150. Ninawaelewa. Lakini fumbo la Kana limeleta kitu ambacho matendo ya zamani hayakuwa nacho: maneno ya mwisho ya Maria yaliyoandikwa katika Injili, "Lo lote atakalowaambia, fanyeni" (Yohane 2:5).

Kurudia-rudia

Sasa turudi kwenye midomo iliyoko Nazareti na akili iliyoko Gethsemani. Mzizi wa desturi hiyo ni mstari mmoja ambao Luka ameuandika mara mbili kwa maneno yanayokaribiana. Baada ya wachungaji kuondoka, "Mariamu akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake" (Luka 2:19). Baada ya mtoto kupatikana hekaluni, mamaye akayaweka hayo yote moyoni mwake (Luka 2:51). Ndivyo rozari inavyofanya: inachukua tukio na kulikalia. Salamu inayotamkwa ni kama mapigo ya ngoma chini ya wimbo. Hakuna anayeyasikiliza mapigo moja moja, lakini yakikoma, wimbo unapotea njia. Na sababu ya mapigo hayo kuwa salamu kwa Maria ni kwamba tunayatazama matukio ya mwana tukiwa tumekaa karibu na shahidi aliyeyaona mengi yake kwa macho.

Lakini Yesu si alikataza? "Mkiwa katika kusali, msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi" (Mathayo 6:7). Isome hadi mwisho. Kosa linalotajwa ni kudhani wingi wa maneno ndio unaomlazimisha Mungu kusikia. Kurudia kwenyewe hakujakatazwa, kwa sababu aliyekataza alirudia: Mathayo huyo huyo anasema Gethsemani Yesu aliomba mara ya tatu "akiyasema maneno yale yale" (Mathayo 26:44). Kwa hiyo tendo la kwanza la uchungu ni tafakari ya Yesu akirudia sala, na sisi tunamtafakari kwa kurudia sala. Zaburi ya 136 nayo inaitikia "kwa maana fadhili zake ni za milele" katika kila mstari wa mistari yake 26. Viumbe hai wa Ufunuo 4:8 hawapumziki mchana wala usiku kusema "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu".

Hata hivyo onyo hilo linatuhusu. Aliyelisema kwa ukali zaidi si mpinzani wa rozari bali Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1974: rozari bila tafakari ni mwili usio na roho, na kuisali namna hiyo kuna hatari ya kwenda kinyume na onyo la Kristo katika Mathayo 6. Rozari ya dakika kumi na moja, ambapo nusu ya pili ya Salamu inaanza kabla nusu ya kwanza haijaisha, ni payukapayuka tupu, hata ikisaliwa mbele ya sanamu nzuri kiasi gani. Katika waraka huo huo Paulo VI alisema pia kuwa rozari haiwekwi juu ya Misa wakati Misa inaendelea. Wanaozungusha punje wakati somo linasomwa wamekiweka kando kile ambacho rozari yenyewe inawatuma kukisikiliza.

Yohane Paulo II alishauri njia za kurudisha roho katika mwili: kusoma kifungu cha Biblia baada ya kutaja fumbo, kunyamaza kidogo, halafu ndipo kusali, na kuutua mkazo kwenye jina la Yesu, ambalo aliliita kitovu cha Salamu Maria. Alikumbusha pia desturi ya kuongeza kifungu kifupi baada ya jina hilo, ile ya mtawa wa Trier. Kwa Kilatini ni rahisi, kwa kuwa jina la Yesu linakaa mwishoni kabisa mwa nusu ya kwanza na kifungu kinapachikwa bila kuvunja kitu. Kiswahili kimelipeleka jina mbele: "na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa." Ukitaka kujaribu, weka kifungu ndani: "na Yesu, aliyevikwa taji la miiba, mzao wa tumbo lako, amebarikiwa." Mara chache za kwanza ulimi utajikwaa. Kujikwaa huko ndiko kunakokuzuia kukimbia.

Mwishoni, punje zote zikishapita, huja sala ya Salamu Malkia, ambamo tunajiita wana wa Eva walio ugenini. Washairi wa Kilatini walipenda kuonyesha kuwa salamu ya Gabrieli, *Ave*, ukiisoma kinyume inakuwa Eva. Mchezo huo wa herufi haukuvuka kuingia Kiswahili, kwani sisi tulitafsiri salamu na kuacha jina. Eva mwenyewe amebaki pale pale, baada ya Salamu ya hamsini na tatu, akiwa na watoto wake ugenini.